Mkojo Ukikutoka Unapopiga Chafya, Usizoee

Juzi dada mmoja wa Makambako ameniandikia: "Dada, nina watoto wawili, nikipiga chafya nalowa. Mama mkwe anasema ndiyo uzazi wenyewe."

Na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Baada ya mtoto wa tatu, kila nikiinua debe la viazi kule Uyole mkojo ulikuwa unanitoka. Nikaenda kliniki. Muuguzi hakuinua hata macho kwenye daftari: "Mama, hayo ya kawaida, vaa pedi." Akaita anayefuata. Yananiuma mpaka leo, maana leo naruka kwaya nzima na kanga yangu kavu.

Kibofu na kizazi hushikiliwa na misuli ya sakafu ya nyonga, ile ya chini kati ya mapaja, pamoja na tishu unganishi, yaani kano na utando. Nguvu ya tishu hiyo ni kolajeni, protini ya nyuzinyuzi: ya aina ya kwanza ni imara kama kamba ya katani, ya aina ya tatu ni laini zaidi, na protini nyingine, elastini, ndiyo huirudisha tishu ikishavutwa. Kujifungua huivuta kupita kiasi. Hedhi ikikoma, estrojeni, homoni ya kike, hupungua na tishu hudhoofu. Wengine wamezaliwa na kolajeni dhaifu, ndiyo maana mama wa watoto saba huweza kuwa mzima, wa mmoja akahangaika.

Sikia sasa: kano iliyolegea haikazwi kwa mazoezi. Misuli ndiyo inayokazwa, nayo ikipata nguvu huipunguzia kano mzigo. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika habari za mazoezi haya ya misuli mwaka 1948! Bana sehemu za siri kwa ndani, unavyozuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, huku unapumua. Shikilia kidogo, achia kabisa. Mara 8 au zaidi, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 angalau. Bana pia kabla ya kukohoa au kuinua kitu.

Na mizigo, jamani! Mwanamke katoka kujifungua, anatwishwa kuni na ndoo ya maji huku mume anatazama. Akina baba, bebeni. Kikohozi kisichoisha na choo kigumu navyo vitibiwe, vinasukuma nyonga kila siku.

Ukihisi kinyama kinashuka ukeni, nenda hospitali. Kuna pete ya kushikilia kizazi, kuna na upasuaji. Mwombe daktari akupime huku unakohoa au unasukuma, maana ukilala umetulia tatizo huweza kujificha.