Korongo wa Kikatiti: wekeni bomba chini

SWALI: Daktari, shikamoo. Tumemwokota korongo mweupe mwenye mdomo mwekundu chini ya nyaya za umeme. Bawa moja linaburuza, mguuni ana pete yenye maandishi. Muuza dawa za mifugo katupa OTC, ile antibiotiki ya mifugo, jirani kasema maziwa yatamtoa sumu. Tunamnywesha kwa bomba la sindano kila saa, lakini sasa anakoroma na kupumua mdomo wazi. Tumwongezee nini? (Msomaji, Kikatiti)

JIBU: Marahaba. Msimwongezee chochote. Huko kukoroma mmekuleta wenyewe kwa hilo bomba.

Ukifungua mdomo wa ndege utaona tundu la hewa liko pale pale kwenye shina la ulimi, wala halina kifuniko kama koo lako wewe. Ukimimina kitu kwa nguvu, kinaingia kwenye mapafu na mifuko ya hewa, na ndege hana kiwambo cha kumsaidia kukohoa akitoe. Kila masika naletewa ndege waliovunjika bawa tu, wakafa kwa kuzamishwa maziwa mezani. Na maziwa yenyewe hayatoi sumu! Tumbo la ndege haliwezi kusaga sukari yake, ataharisha tu. Hiyo OTC ndiyo kabisa: haiungi mfupa wala haiponyi kidonda cha umeme, na huyo muuzaji amepima kwa uzito gani, wa ng'ombe?

Mfunikeni kichwa kwa kanga, mmoja amshike mdomo maana hulenga macho, mumweke kwenye boksi kubwa lenye matundu, penye giza na kimya. Mdomo msiufunge kwa kamba, akitapika atapaliwa. Bawa likunjeni lilivyo, vijiti hapana, na kitambaa kisimkaze kifua, kwa sababu ndege hupumua kwa kutanua kifua. Akisimama mwenyewe, mwekeeni maji kwenye beseni. Ugali hali, huyu ni mla nzige, viwavijeshi na panya, na siku moja bila chakula haitamuua. Banda la kuku ni marufuku, mtabadilishana kideri.

Leo hii mpigieni afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Msisubiri kidonda kionekane, kwani nyama iliyoungua kwa umeme huweza kuanza kuoza siku kadhaa baadaye. Pete msiikate. Ipigeni picha, mnakili herufi na namba zote, mmkabidhi afisa. Ikisema Radolfzell au Hiddensee, ndege alivishwa pete na watafiti wa Ujerumani. Si jasusi, kama nilivyowahi kuulizwa na mtu mzima kabisa.

Ila linalonichosha zaidi ni hawa madaktari wa kaunta. Ukimpelekea ndege atakuuzia dawa ya kuku, na ikishindikana vitamini, na ndege akifa atasema mlichelewa. Wapo pia wanaokuja wenyewe wakisikia umeokota bundi, eti wanajua kumtibu. Hao hawaji kutibu. Bundi ana soko kwa waganga. Usimpe mtu ndege kwa sababu tu amejiita mtaalamu, mwombe kitambulisho cha kazi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu yeye kumfuga wala kumuuza bila kibali, na wewe pia ukikaa naye wiki mbili nyumbani ukimsubiri apone, maelezo yako mbele ya askari yatakuwa magumu.