Maswali ya wasomaji: krapi wa mwezi wa tatu wanajificha wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nimekulia Kigoma, kuvua sio kitu kigeni kwangu, mgebuka na kuhe nimewavua tangu niko mdogo. Sasa niko Louisville mwaka wa pili na jamaa wa kazini story zao ni krapi tu, yule samaki wa maziwa ya huku Marekani, eti Kentucky Lake ndo kwenyewe. Mwaka jana mwanzoni mwa mwezi wa tatu nikaenda na shemeji, tumekaa ukingoni kutwa nzima, hatujaguswa hata mara moja. Mwezi wa nne jamaa wakaenda palepale, wakarudi na kitoweo cha wiki. Boti sina ila kuna mwenzangu anaweza kunibeba siku mojamoja. Hilo ziwa kubwa sana, mtu unaanzia wapi?
Mwana Kigoma, Louisville

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole na baridi, najua ile ya kushika fimbo mpaka vidole huvisikii.

Kosa lako sio sehemu, ni tarehe. Sisi tuliozoea Tanganyika, maji ya juu kule ni ya uvuguvugu mwaka mzima, ukikosa samaki unalaumu mbalamwezi au upepo, hakuna anayewaza maji yana digrii ngapi. Kentucky ni kinyume, digrii ndo kila kitu. Maji yakiwa chini ya 50 (za Fahrenheit, sawa na 10 zetu) krapi wengi wako kwenye kina, wamezubaa, hawana habari na ukingo. Yakianza kupanda kwenye hamsini na kitu wanaanza safari ya kuja kwenye ghuba. Yakifika 60 mpaka 65 wanataga, hapo ndo hata mtoto na kiboya anavua ukingoni, na hao ndo samaki wa jamaa zako wa mwezi wa nne.

Na mimi yalinikuta hayahaya. Mwaka wangu wa kwanza nilienda pale nilipoambiwa pana samaki, nikakaa toka asubuhi, akatokea mzee mmoja wa Kimarekani na kipimajoto amekifunga kwenye kamba, akakizamisha kikatoka 47, akanionyesha akacheka, akasema nirudi mti wa dogwood ukichanua. Ni ule wenye maua meupe pembeni ya barabara, huwa unachanua mwezi wa nne. Niliudhika ila siku hiyohiyo nilipita dukani nikanunua kipimajoto, na mpaka leo ndo kitu cha kwanza kuingia majini kabla ya ndoano.

Sasa ukubwa wa ziwa. Lile sio ziwa la asili, ni mto Tennessee uliozibwa, bwawa lilimalizika 1944, ziwa likawa na urefu wa maili 184. Ukilitazama lote utachanganyikiwa, kwa hiyo usilitazame lote. Chagua ghuba moja tu, Blood River au Jonathan Creek kwa mfano, zote ziko upande wa magharibi, halafu ifanye ndo ziwa lako. Ndani ya kila ghuba kijito cha zamani bado kipo kule chini, mfereji wake umelala palepale ulipokuwa kabla ya maji kujaa, na krapi wanaufuata kama sisi tunavyofuata lami. Mwanzo wa mwezi wa tatu wako mdomoni mwa ghuba kwenye kina, baadae wanasogea kwenye kona za mfereji na ncha za nchi kavu zilizochomoza majini, mwisho wanapanda kwenye maji mafupi. Wewe kazi yako ni kujua leo wamefika kituo gani, na kipimajoto ndo kinakwambia.

Siku mwenzako akikubeba, tafuteni matawi yaliyozama kando ya mfereji, futi 12 mpaka 18 hivi, msimame juu yake mshushe jigi ndogo (ndoano yenye kichwa cha risasi) wima kabisa. Macho ya krapi yamekaa kutazama juu, chambo kikiwa chini yake hakioni, kwa hiyo kama skrini ya boti, ile ya kutafutia samaki, inaonyesha samaki futi 14 wewe weka 13. Usikichezeshe sana, kwenye maji baridi hakimbizi kitu.

Hapa naomba usome taratibu maana ndo wanapokosa wengi: usisubiri kuvutwa. Krapi wa baridi anainuka na chambo mdomoni, kwa hiyo uzito unapotea, mshipi uliokuwa umenyooka unalegea tu kidogo kama umekatika. Ukiwa na kiboya, badala ya kuzama kinalala chali juu ya maji. Ukiona hivyo inua mkono pole, usinyake kwa nguvu kama umepata sangala, mdomo wake ni ngozi nyepesi kama karatasi, utachana ubaki na ndoano tupu.

Siku usipokuwa na boti usikae tu nyumbani. Wakati wa baridi ziwa linashushwa mpaka futi 354 juu ya usawa wa bahari, kuanzia mwezi wa nne wanaanza kulijaza mpaka 359. Futi tano hizo sio mchezo, mwezi wa tatu sehemu kubwa ya ghuba inakuwa tope wazi, unaona visiki, unaona vijiti walivyochomeka wavuvi, unaona mkondo ulipopinda. Tembea upige picha kwa simu, uweke alama kwenye ramani, mwezi mmoja baadae vyote viko chini ya maji na wewe peke yako unajua viko wapi. Angalia tope tu, ukizama mpaka magoti hakuna wa kukutoa.

Na kama lazima uvue ukingoni mapema, chagua ukingo wa kaskazini wa ghuba, unapigwa na jua na umejikinga na upepo wa baridi. Maji yaliyotibuka kidogo yanapata joto haraka kuliko meupe. Nenda mchana mpaka jioni, baada ya siku tatu nne za jua mfululizo, kuamka saa kumi alfajiri mwezi wa tatu ni kujitesa bure. Ukiwa kwenye boti vaa jaketi la kuokolea, kwenye hayo maji ukianguka mikono inakufa dakika chache tu.

Ah, na laiseni ya kuvua. Ya Kentucky inaisha mwisho wa mwezi wa pili hata kama umeinunua Krismasi, watu wengi wanakamatwa hapo. Krapi chini ya inchi 10 anarudi majini, na idadi ya kubeba kwa siku isome kwenye kitabu cha mwaka husika.

SWALI: Mume wangu ameleta krapi, wengine wana mistari wengine madoa, ni samaki mmoja? Na naweza kuwapika nazi?
Mama wa Bowling Green

JIBU: Ni wawili dada. Usitegemee rangi sana maana dume msimu wa kutaga ukikaribia anakuwa mweusi, hesabu miiba ya mgongoni: saba au nane ni krapi mweusi, sita kushuka ni mweupe. Ladha sioni tofauti. Nazi inafaa ila nyama yake laini, ukimtia mbichi anavurugika. Mpake chumvi na ndimu, mgaragaze kwenye unga wa mahindi, huohuo wa ugali unatosha, mkaange akauke, halafu mtie kwenye tui likiwa tayari limechemka na uzime jiko.