R inagoma kusakinisha lme4 na sf: kosa liko wapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni msaidizi wa utafiti hapa Kigoma. Tunapima urefu na uzito wa dagaa na migebuka kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, na kiongozi wa mradi anataka takwimu zote zichakatwe kwa R, programu ya takwimu. Natumia kompyuta ya ofisi yenye Windows 10 na R 4.3.1. Pakeji (nyongeza ya R) ya sf, ile ya kazi za ramani, nikiipakua inafika katikati inakatika. Ya lme4, ile ya kuchanganua vipimo vilivyo katika makundi, niliipakua kwa simu, faili linaloishia na tar.gz, nikalihamishia kwenye kompyuta. Nayo inagoma, mwisho inaandika "non-zero exit status". Nimeshaiondoa R na kuirudisha zaidi ya mara moja, bando limekwisha, kosa ni lilelile. Mwenzangu ananiambia nirudi Excel. Nifanyeje?

JIBU: Pole, dada. Cha kwanza, acha kuiondoa na kuirudisha R. Huko ndiko bando lako linakoishia, na hakusaidii kitu. Tangu toleo la 4.2, R ya kwenye Windows huweka pakeji za mtumiaji ndani ya AppData\Local\R\win-library, folda ambayo Windows imeificha. Ukiiondoa R, folda hiyo hubaki palepale na mabaki yake yote ya usakinishaji ulioharibika. Ukirudisha R 4.3, inarudi kusoma humohumo. Andika `.libPaths()` uone ilipo, kisha nenda ukafute folda ya sf na ya lme4 kama zipo. Ukikuta na folda inayoanza na 00LOCK, ifute pia. Hiyo hubaki umeme ukikatika katikati ya kazi, na ikiwepo R inadhani kuna usakinishaji mwingine unaoendelea.

Sasa sf. Nina hakika ukipandisha juu kwenye konsoli (dirisha la amri la R) utakuta maneno "Timeout of 60 seconds was reached". R ikiachwa ilivyo hulipatia faili lolote sekunde 60 kushuka, zikiisha inakata. Pakeji nyingi ni ndogo, hazifiki huko. Lakini sf ya Windows inakuja na GDAL, GEOS na PROJ ndani yake, yaani mitambo yote ya ramani, kwa hiyo ni makumi ya megabaiti. Piga hesabu: faili la megabaiti 40 ndani ya sekunde 60 linataka mtandao wa zaidi ya megabiti 5 kwa sekunde, tena usioyumba hata kidogo. Kwa mtandao wa simu, saa za kazi, hiyo ni bahati nasibu. Ongeza muda kabla ya kupakua:

`options(timeout = 3600)`
`install.packages("sf")`

Hiyo ni saa nzima. Mpangilio huo hupotea ukifunga R, hivyo uandike kila unapoanza.

Lme4 ina ugonjwa mwingine kabisa. Maneno "non-zero exit status" hayakwambii chochote, ni kama daktari kukujibu kwamba mgonjwa hajapona. Wengi hunakili mstari huo wa mwisho na kwenda kuutafuta Google, wanakutana na majibu elfu moja yasiyohusiana. Panda juu hadi kwenye neno ERROR la kwanza. Kwako litakuwa linasema kwamba pakeji kama minqa na nloptr hazipo. Lme4 inazitegemea hizo na nyingine kadhaa, na ukisakinisha kutoka kwenye faili ulilonalo mkononi, R haiendi mtandaoni kukutafutia zinazokosekana.

Na hata ungekuwa nazo zote, bado ungekwama. Faili la tar.gz ni msimbo mbichi. Ndani ya lme4 kuna C++, na kompyuta lazima iujenge msimbo huo kwanza, kazi inayohitaji Rtools, zana za kujengea pakeji, ambazo Windows haiji nazo. Unachotaka wewe ni faili la zip, ambalo limeshajengwa kwa ajili ya Windows. Yote mawili yako kwenye ukurasa mmoja wa CRAN, ghala rasmi la pakeji za R mtandaoni, na la tar.gz limewekwa juu, kwa hiyo sishangai watu wanalichukua hilo. Rtools achana nayo kwa sasa. Ni mzigo mkubwa wa kupakua, na kwa kazi yako haihitajiki.

Ningekuwa mimi, nisingeendelea kuhangaika na bando. Mtafute mtu mwenye intaneti nzuri, hata awe Dar es Salaam, akujazie flashi na kumpa anayekuja na treni. Akujazie na R mpya pamoja na pakeji zote, na yeye mwenyewe awe anatumia toleo hilohilo jipya. Nasisitiza R mpya kwa sababu ya pakeji moja, Matrix. Kuanzia toleo lake la 1.7, Matrix inadai R 4.4 au zaidi, na lme4 imejengwa juu ya Matrix. Matoleo yao yasipopatana, usakinishaji unapita vizuri kabisa, halafu siku unapoendesha `lmer`, amri kuu ya lme4, unakutana na kosa linalotaja "cholmod_factor_ldetA". Nimeona watu wakichakura data zao mstari kwa mstari wakidhani kosa liko huko.

Mwenye intaneti atengeneze folda iitwayo pakeji kwenye flashi (hapa nachukulia flashi imesomeka kama E), kisha aandike:

`hitaji <- tools::package_dependencies(c("lme4", "sf"), recursive = TRUE)`
`zote <- unique(c("lme4", "sf", unlist(hitaji)))`
`download.packages(zote, destdir = "E:/pakeji", type = "win.binary")`

Mstari wa kwanza unakusanya kila kinachotegemewa, na vinavyotegemewa na hivyo navyo. Yatatokea maonyo kwamba stats, utils na wenzao hawakupatikana. Ayapuuze, hizo huja na R yenyewe. Flashi ikikufikia, sakinisha R mpya kwanza, halafu:

`mafaili <- list.files("E:/pakeji", pattern = "zip$", full.names = TRUE)`
`install.packages(mafaili, repos = NULL, type = "win.binary")`

Hapo hutumii hata megabaiti moja. Kitu cha kuangalia ni tarakimu mbili za mwanzo za toleo: pakeji zilizojengwa kwa 4.4 zisakinishwe kwenye 4.4, ile ya tatu haina shida. R ikikwambia folda ya Program Files haiandikiki na kukuuliza kama unataka folda yako binafsi, kubali, huhitaji kumsubiri mtu wa IT. Ikilalamika kwamba imeshindwa kuhamisha usakinishaji wa muda, "unable to move temporary installation", mara nyingi ni antivairasi imelishika faili. Rudia amri ileile.

Kuhusu Excel, kwa kuingizia data sina ugomvi nayo. Lakini ninyi mnapima samaki wa mitumbwi ileile usiku baada ya usiku, halafu mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa taa wanapumzika na data zinakatika. Vipimo vya mtumbwi mmoja vinafanana vyenyewe kwa vyenyewe, na mkivichukulia kana kwamba kila samaki anajitegemea, matokeo yataonekana ya uhakika kuliko yalivyo. Lme4 imetengenezwa kwa hali kama hiyo, na Excel haina kitu cha kuziba nafasi yake. Kiongozi wako yuko sahihi.

Ukimaliza, jaribu kabla hujagusa data zenu. Andika `library(sf)`: inatakiwa itaje GEOS, GDAL na PROJ pamoja na namba za matoleo yao. Kisha:

`library(lme4)`
`lmer(Reaction ~ Days + (Days | Subject), sleepstudy)`

Data za sleepstudy zimo ndani ya lme4 yenyewe. Ukiona vipimo 180 na makundi 18, iko sawa. Usipoviona, nitumie mstari wa ERROR wa kwanza pamoja na yote yatakayotokea ukiandika `sessionInfo()`. Tafadhali nakili maandishi yenyewe. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu mara nyingi huwa imekata sehemu ya juu, na huko ndiko ninakotaka kusoma.