Barua kwa Mwanangu: Waliosoma Mount Street

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa Jumamosi niliusikiliza mara mbili. Unasema mjukuu wangu anakaribia miaka kumi, na kuna shule hapo Liverpool inayochukua watoto kwa mtihani wa mchujo. Wamekupa kijitabu chao, na ndani yake ukurasa mzima una picha za watu waliosoma pale zamani: madaktari bingwa, mawaziri, waigizaji. Ukaniuliza, "Mama, shule ndiyo iliyowatoa hawa, au wangetoka hata wangesoma kwingine?"

Nimefundisha sekondari mpaka nimestaafu, na wazazi wengi wameniuliza jambo hilo wakiwa na fomu mkononi. Wewe nitakujibu kwa habari za shule ya hapo hapo mjini kwako. Unalikumbuka lile jengo la nguzo nene Mount Street, ulilonionyesha nilipokuja kukulea ulipojifungua? Hiyo ilikuwa Liverpool Institute, shule ya wavulana. Tangu wakati ule nimekuwa nikisoma maisha ya waliopita pale, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ukurasa wa picha za mashuhuri hauelezi shule ilifanya nini. Unaeleza watoto walifanya nini.

Chanzo cha shule hiyo ni chama kilichoundwa mwaka 1825 ili mafundi na wafanyakazi wa mji wa bandari wapate elimu. Jengo lilifunguliwa 1837. Kufikia miaka ya 1950 ilikuwa shule ya umma isiyotoza ada, ikichukua wavulana waliofaulu mtihani wa miaka kumi na moja, mfano wa shule zetu za vipaji maalumu. Kaulimbiu yake, kwa Kilatini, ilisema hatukuzaliwa kwa ajili ya nafsi zetu tu bali kwa ajili ya ulimwengu mzima.

Mwaka 1953 aliingia pale mtoto wa mkunga. Mama yake, Mary, alikuwa akizungukia wazazi mitaa ya Speke kwa baiskeli, na alitamani mwanawe awe daktari. Hakuishi kuona lolote. Saratani ya titi ilimchukua Oktoba 1956, mtoto akiwa na miaka 14. Mtoto huyo ni Paul McCartney, yule wa kundi la muziki la Beatles. Mwaka mmoja nyuma yake aliingia George Harrison, mwenzake wa baadaye katika kundi hilo, ambaye baba yake alifanya kazi kwenye mabasi ya mji. Wote wawili walikuwa wakitoka Speke, kule karibu na uwanja wa ndege, wakipanda basi moja asubuhi na jioni, na urafiki wao ulianzia kwenye basi hilo.

Sasa sikiliza yaliyotokea darasani. McCartney mwenyewe amesimulia kwamba mwalimu wao wa muziki alikuwa akiweka santuri kisha anatoka zake nje, wao wanabaki na karata. George alikaa nyuma akichora magitaa kwenye madaftari yake. Fikiria hilo, mwanangu. Daftari la mtoto limejaa magitaa, linakusanywa, linasahihishwa, linarudishwa, na hakuna anayeuliza mtoto huyu anataka kusema nini. Akaondoka shuleni mwaka 1959 bila cheti chochote, akaenda kuwa mwanagenzi wa fundi umeme katika duka kubwa la Blacklers. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 17, alikuwa Hamburg, Ujerumani, akipiga gitaa usiku kucha. Miaka kumi na miwili baada ya kutoka shuleni, Agosti 1971, huyo aliyefeli kila kitu aliandaa tamasha New York la kuwachangia wakimbizi wa Bangladesh, na wanamuziki wakubwa wa wakati ule wakaitika wito wake. Kama kuna mwanafunzi aliyeitimiza ile kaulimbiu ya Kilatini, ni yeye.

Nayasema haya kama mwalimu, na yananiuma. Shule moja, kipindi kimoja, ilikuwa na vijana wawili waliokuja kuubadili muziki wa dunia nzima, na somo la muziki lilikuwa kwenye ratiba. Hata kwaya ya kanisa kuu la Liverpool, lililo mwendo mfupi tu kutoka Mount Street, ilimsikiliza McCartney akiwa mtoto ikamkataa. Mwaka 1991 utunzi wake mkubwa wa kwaya na okestra ulizinduliwa ndani ya kanisa hilo hilo.

Lakini nisiwanyime walimu haki yao. Alikuwapo mwalimu wa Kiingereza, Alan Durband. Aliona darasa linasinzia kwa Chaucer, mshairi wa karne ya 14, akawaonyesha kwanza zile hadithi zenye mizaha ya watu wazima. Vijana wakaamka, wakataka kusoma na zilizobaki. McCartney alitoka pale amefaulu Kiingereza, na mpaka leo humtaja Durband kwa jina. Mwalimu mmoja, mwanangu, kwenye chumba kimoja. Kijitabu chako kina picha ya mwalimu hata mmoja?

Halafu kuna jambo ambalo shule ilitoa bila kukusudia. Chuo cha sanaa kilikuwa jirani kabisa, ukuta kwa ukuta, na John Lennon, naye wa Beatles baadaye, alianza kusoma huko mwaka 1957. Wakati wa chakula cha mchana Paul na George walivuka wakiwa na sare zao za shule, wakakaa na Lennon kwenye chumba kitupu wakifanya mazoezi. Kwa hiyo pale mahali paliwafaa sana. Ratiba haikuwafaa, ila mahali paliwafaa.

Na nani aliwakutanisha Paul na Lennon? Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote, na hutamwona kwenye ukurasa wa picha. Anaitwa Ivan Vaughan. Alizaliwa Liverpool tarehe 18 Juni 1942, siku ile ile aliyozaliwa McCartney, wakasoma pamoja Institute. Nyumbani alikuwa jirani wa Lennon. Julai 1957 ndiye aliyemchukua Paul kwenye sherehe ya kanisa la Mtakatifu Petro, Woolton, akasema njoo nikujulishe kwa rafiki yangu. Kisha yeye akaendelea na vitabu vyake: akasoma Kilatini na Kigiriki chuo kikuu London, akawa mwalimu. Mwaka 1977 akaambiwa ana ugonjwa wa Parkinson, akiwa na miaka 35. Hakujificha. Aliufanya mwili wake kuwa darasa, akajaribu hiki na kile ili aelewe kutetemeka kule kunatoka wapi, na mwaka 1984 BBC ikaonyesha filamu juu yake iliyoongozwa na daktari Jonathan Miller, watu wakauona ugonjwa huo kwa jicho jingine. Alifariki 1993. McCartney alimwandikia shairi. Wewe uliyewahi kufanya kazi wodi ya wazee unajua thamani ya mtu anayeeleza ugonjwa wake kutoka ndani.

Mwingine ni Neil Aspinall, aliyekaa darasa moja na Paul. Alianza kujifunza uhasibu, akanunua gari dogo la mizigo, akawa anawabeba wale vijana na vyombo vyao kutoka ukumbi hadi ukumbi, dereva na utingo kwa pamoja. Akaishia kuwa mkuu wa kampuni ya Beatles, Apple Corps, mpaka mwaka 2007. Hiyo ni karibu nusu karne ya kulinda kazi ya wenzake wa shule.

Wengine nitawapitia haraka. Charles Barkla alisoma pale karne ya 19, akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1917 kwa uchunguzi wake wa miale ya eksirei. Alikuwa na sauti nzuri ya kuimba hata akahamia King's College, Cambridge, apate kuwa kwenye kwaya yao. Bill Kenwright alianza uigizaji, akawa mtayarishaji wa michezo ya jukwaani na mwenyekiti wa klabu ya soka ya Everton mpaka kifo chake mwaka 2023. Peter Sissons aliwasomea Waingereza habari kwenye televisheni kwa miaka mingi, lakini kabla ya hapo alikuwa mwandishi wa uwanjani, na mwaka 1968 alipigwa risasi za miguu akiwa kwenye vita vya Nigeria. Ni mwaka ule ule Mwalimu Nyerere alipoitambua Biafra, lile eneo lililojitenga na Nigeria, kabla ya nchi nyingine yoyote. Baba yako anakumbuka tangazo hilo kwenye redio.

Upande wa pili wa Hope Street ilikuwapo shule ya wasichana ya Institute, ndani ya Blackburne House, iliyoanza 1844 wakati nchi nzima ilikuwa na shule chache sana za namna hiyo. Humo alisoma Edwina Currie, aliyekuwa mbunge na waziri mdogo wa afya, akajiuzulu Desemba 1988 baada ya kauli yake kuhusu mayai na bakteria wa salmonela. Wasichana wa shule hii huandikwa kidogo mno, na hilo linanikera.

Sasa la siasa, nalo lina uzito wake. Steve Norris alitoka Mount Street akawa mbunge wa Conservative, chama cha wahafidhina, akagombea umeya wa London mara mbili, mwaka 2000 na 2004. Derek Hatton alitoka pale pale, akawa zimamoto, kisha naibu kiongozi wa halmashauri ya Liverpool kwa upande wa Labour, mrengo wa kushoto kabisa. Na mwaka 1985 halmashauri hiyo ndiyo iliyoifunga Institute. Mtoto wa shule akiwa kwenye meza ya waliofunga shule! Madarasa yale yale, kaulimbiu ile ile, mmoja akaenda huku na mwingine kule.

Jengo likabaki tupu, mvua inaingia. McCartney alirudi akalikuta limechakaa, akashikamana na Mark Featherstone-Witty, mtu wa elimu ya sanaa, kutafuta fedha, na mwaka 1996 Malkia Elizabeth akalifungua rasmi kama chuo cha sanaa za maonyesho. Leo vijana wanafundishwa muziki kwa dhati ndani ya kuta zile ambamo yeye aliachiwa santuri.

Basi jibu langu. Shule haikuwatoa, na wala sidhani wangetoka vilevile popote pengine. Iliwapa basi la pamoja, jirani wa kuvuka kwake mchana, rafiki kama Ivan, na mwalimu mmoja aliyejua kuamsha darasa. Mwanao akipata hayo kwenye shule ya kawaida ya mtaani kwenu, kapata. Na mashuhuri ni wachache. Wengi waliopita Mount Street walifanya kazi zao za kila siku wakalea watoto wao, nao ni matunda ya shule vilevile, ingawa hakuna anayewapiga picha.

Kwa hiyo ukienda siku ya wazazi usisimame kwenye ule ukuta wa picha. Omba uonyeshwe madaftari ya mtoto wa mwisho darasani, uangalie mwalimu ameandika nini pembeni. Uliza ni wangapi huacha kabla ya kumaliza na huelekea wapi. Uliza nani anafundisha muziki, na kama hukaa darasani mpaka kengele. Na mjukuu wangu mwenyewe aulizwe marafiki zake wa sasa wanakwenda shule gani, maana kumtenganisha na rafiki wa kweli kwa ajili ya jina la shule mimi siafiki.

Kuhusu masomo ya ziada ya mtihani huo, zungumzeni na mumeo. Ada ya mwalimu wa nyumbani uliyoitaja ni kubwa, na mtoto wa miaka kumi bado anahitaji jioni zake. Fomu inafungwa lini? Nipigie kabla ya hapo, uniambie ulichokiona kwenye madaftari.

Mama yako,
Tanga