Maswali na majibu: Kliniki ni dakika chache, siku nyingine zote ni zako

Kila nikienda kliniki ya kisukari nasahau nilichotaka kuuliza. Kinakuja kichwani nikiwa nimeshafika nyumbani.

Andika usiku wa kuamkia kliniki. Maswali mawili yanatosha, kumi hayatajibiwa. Lile zito liseme ukiketi tu, kabla daktari hajaanza kuandika. Wengi hulitoa wakiwa wameshashika kitasa cha mlango: "Halafu daktari, kuna hii ganzi ya miguu..." Kwa mwenye kisukari, hilo ndilo lilipaswa kutangulia.

Nyumbani presha yangu husoma 128 kwa 80, kliniki 150 kwa 92. Niamini ipi?

Huenda zote ni za kweli. Wapo ambao presha hupanda kwa kuliona tu koti jeupe. Ila tuanze na unavyopima. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Kojoa kwanza. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote sakafuni (usikunje nne), mkono mezani usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya shati. Pima mara 2 asubuhi na mara 2 jioni, kwa siku 7. Andika zote, hata zinazokutia aibu. Kwa miongozo mingi, wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85 ni presha ya juu. Kliniki mpaka ni 140 kwa 90. Beba na mashine yenyewe, ilinganishwe na yao.

Dawa ya presha inanikojoza usiku, kwa hiyo naruka siku. Daktari anadhani nameza zote.

Basi akiona presha haishuki atakuongezea nyingine, juu ya ile usiyomeza. Hauko peke yako: mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hata katika nchi tajiri, ni kama nusu tu ya wenye maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu walivyoelekezwa. Mwambie ilivyo: "Naimeza siku nne kwa wiki, sababu ni hii." Mara nyingi dawa ya kukojoza huhamishiwa asubuhi, yakaisha. Akikufokea kwa kusema kweli, kosa ni lake.

Baba huitikia kila kitu kliniki, nyumbani hakumbuki hata jina la dawa.

"Umeelewa?" ni swali bovu, jibu lake huwa ndiyo. Kabla hamjatoka, aeleze kwa maneno yake: anameza nini, saa ngapi, na dalili zipi zikimpata arudi bila kungoja tarehe. Kumwomba afanye hivyo ni kazi ya mhudumu. Asipoomba, baba aanze mwenyewe: "Ngoja nikwambie nilivyoelewa."

Nikijisikia vizuri, niache dawa za presha?

Usiache mwenyewe. Presha mara nyingi haina dalili, kwa hiyo kujisikia vizuri hakukwambii kitu. Ukitamani kupunguziwa, liandike liwe swali la kwanza.