Laptop imepoteza vidhibiti vya besi baada ya Windows kujisasisha

Kaka wa Ngamiani, Tanga, uliyeuliza kwa nini laptop yako imepoteza vidhibiti vya besi baada ya Windows kujisasisha: kwa kuwa sauti inatoka ila ndogo na besi haipandi, huenda spika ni nzima. Inaelekea Windows imeondoa draiva (programu inayoendesha kifaa) ya Realtek, kampuni ya chipu za sauti, ikaweka ya kwake ya jumla, isiyo na mipangilio ya mtengenezaji.

Kwanza hifadhi draiva zilizopo. Tengeneza folda D:\draiva, fungua CMD (dirisha la kuandika amri) kama msimamizi, andika: pnputil /export-driver * D:\draiva

Kisha bonyeza Windows+R, andika devmgmt.msc, nenda sehemu ya sauti. Bonyeza kulia kifaa chako, fungua sifa zake, ukurasa wa draiva, uchague kurudisha ya zamani. Kitufe kikiwa kimefifia, pakua draiva ya modeli yako kamili kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptop. Usiguse zile programu za "kusasisha draiva zote", mara nyingi zinaharibu zaidi.

Ukitaka kudhibiti sauti mwenyewe, weka Equalizer APO, programu ya kurekebisha besi na sauti nyembamba, chagua spika zako, washa upya kompyuta. Hapa wengi wanakosea: ukipandisha besi dB 6 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), shusha Preamp (kidhibiti cha sauti yote) hadi -6, la sivyo sauti inakwaruza. Chini ya Hz 100, yaani besi nzito kabisa, usipandishe kitu. Spika ndogo za laptop haziwezi, utazichosha bure.

Spika zikinyamaza kabisa huku alama ya hedifoni inaonekana, mara nyingi hiyo si draiva. Hewa ya chumvi ya Tanga inaweza kula swichi ndani ya tundu la hedifoni, laptop ikadhani hedifoni zimechomekwa. Chomeka na kuchomoa plagi kavu ya hedifoni mara kadhaa kwanza.