Mnara Mweupe wa London: kuta zako zinapindwa na unyevu

Ndugu yangu wa Chumbageni, umesema unajenga kwa kadibodi mfano wa Mnara Mweupe wa London, ile ngome ya kale ya mawe, na ulipofika orofa ya pili kuta zikajikunja kama chapati iliyosahauliwa juani. Pole, yalinikuta hapa hapa Tanga. Mkono wako hauna kosa. Ukipaka gundi upande mmoja tu, na unyevu wa bahari ulivyo, kadibodi lazima ipinde. Paka pande zote mbili, laza juu ya kioo, kandamiza kwa matofali hadi asubuhi.

Vipimo: jengo lenyewe lina kimo cha mita 27 hivi na kitako cha 36 kwa 32. Kwa 1:100, mita inakuwa sentimita, huna haja ya kikokotoo. Vinara vya pembeni ni vinne, ila cha kaskazini mashariki ni cha duara. Mimi nilivifanya vyote mraba, nikang'oa kimoja nikachomeka kipande cha bomba la maji. Madirisha yachonge membamba kama unataka sura ya zama za kati. Haya mapana ya leo yalipanuliwa karne nyingi baadaye.

Mawe yachore kwa msumari kwenye jipsamu uliyopaka juu ya kuta, ikiwa bado mbichi. Ikikauka inamegeka.

Vaa barakoa unapopiga msasa, na rangi ya kupuliza toka nayo uani. Plaiwudi ya kitako mpelekee seremala mwenye msumeno wa umeme. Atakutoza kidogo kuliko gharama ya kushonwa kidole.